Saa ya Mnara na Ada ya Kivuli

Jumatatu, 4 Machi

Siku njema. Goti halikuuma, kengele ya saa mbili iligonga sawasawa. Nimepanda ngazi zote themanini na nne bila kupumzika. (Nilisimama kwenye ile ya arobaini, lakini hiyo ilikuwa kutazama mji.)

Saa nne shemeji akapanda. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, karani wa Halmashauri ya Jiji, ndiye anayechapa ajenda za vikao. Hajapanda mnara huu tangu aajiriwe, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Alihema muda mrefu kwanza. Kisha akasema Halmashauri imekauka, na Mweka Hazina amekuja na kitabu kizima cha ada mpya pamoja na orodha ya kupunguza matumizi. Madiwani wanakaa kikao Ijumaa. Nikamwambia mambo ya wakubwa tuwaachie wakubwa. Akasema sawa, ila ajenda ya tisa ni mimi.

Nimeisoma kwa macho yangu. "Kufuta nafasi ya mtunza saa ya mnara (mmoja)." Mmoja! Utadhani tulikuwa kikosi.

Miaka ishirini na mbili napaka magurudumu mafuta. Miaka ishirini na mbili navuta mawe ya saa kila asubuhi ili yashuke taratibu siku nzima. Nina chumba changu huko juu, dirisha, upepo, redio, na kiti chenye mikono. Sitaki kingine duniani. Nikiondolewa pale nitakwenda wapi? Nyumbani mchana kuna joto, na mke wangu hayupo wa kusikiliza mawazo yangu.

Nilipokuwa nashuka nikamkuta Komeo anatabasamu. Komeo ni bawabu wa lango. Sisi ndio tuliompa jina hilo, kwa jinsi anavyopenda kufunga. Anakitamani kile kiti changu tangu kilipokuwa bado chini. Akanipa pole. Sijamwambia mtu yeyote habari hii, na shemeji anaapa hajamwambia mtu, sasa pole ya nini?

Sina wasiwasi. Kitu hakithaminiwi mpaka kikosekane. Kesho wataniona.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeisimamisha saa. Kwa makusudi. Saa nne na dakika kumi nikalishika pendulamu, lile pande la chuma linalobembea, likatulia, mnara mzima ukawa kimya. Nikashuka haraka nikausikie mji ukilalamika.

Mji haukulalamika. Barabarani watu wanapita tu. Nikasimama mahali pa wazi, nikatazama juu kwa mshangao mkubwa ili wengine nao watazame. Mama mmoja akatazama, akauliza kama kuna ndege. Nikaenda sokoni, kwenye meza ya mke wangu anakouzia mabeseni, ndoo na bilauri, nikitumaini kwamba huko watu wana akili. Hakuna aliyetaja saa. Ili nisikae bure nikampangia mabeseni upya kwa rangi, maana alikuwa ameyapanga kwa ukubwa, jambo lisilopendeza. Nikawaeleza wateja wawili kasoro za ndoo walizoshika. Nikamshauri fundi viatu wa meza ya jirani kuhusu gundi. Dakika arobaini zenye faida. Mke wangu akaniuliza kama kazini kwangu leo hakuna kazi.

Nikarudi mnarani kuisahihisha saa. Hapa napenda kujisifu kidogo. Mzee aliyenitangulia aliniachia maneno matatu: paka mafuta kila Jumatano, usile karibu na magurudumu, na usiuvushe mshale juu ya saa kamili mpaka kengele imalize kugonga. Kengele yetu haitazami mishale. Ina hesabu yake yenyewe, ikigonga kumi mara hii itagonga kumi na moja mara ijayo, mishale ielekee inakotaka. Nikasogeza mishale hadi saa tano kasoro dakika tano, nikaketi, nikangoja, kengele ikagonga. Fundi ni fundi.

Kumbe mtu mmoja aliona. Komeo. Amemwandikia Mweka Hazina kwamba saa ilisimama dakika arobaini na mji haukudhurika, kwa hiyo saa yenyewe haina kazi. Ameambatanisha mchoro wa mishale. Sikujua kama anajua kuchora.

Jumatano, 6 Machi

Nimepaka mafuta. Mafuta huleta mawazo.

Kanuni za Halmashauri nazijua kama ngazi zangu. Kikao kinaanza Meya akifika, na kinakwisha kengele ya mnara ikigonga saa sita. Kengele yetu ilitoka ng'ambo, kwa hiyo saa sita hugonga mara kumi na mbili, na hakuna mtoto hapa mjini anayeuliza kwa nini. Ikigonga kumi na mbili Meya anafunga faili, hata kama diwani yuko katikati ya neno. Lisilofikiwa linangoja robo ijayo, miezi mitatu kamili. Miezi mitatu ni mingi. Mweka Hazina anaweza kuhamishwa, au kuoa.

Sasa, ajenda ya tatu ni ada ya kivuli. Mweka Hazina amegundua kwamba meza za sokoni zina maturubai, maturubai yana vivuli, na vivuli vinaangukia barabara ya jiji. Anataka kila meza ilipie kivuli kwa mita. Mke wangu anachemka. Wanawake wa meza kumi na moja wanakwenda kikaoni Ijumaa kupinga.

Nikapiga hesabu. Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja azungumze robo saa. Huo ni muda unaopita saa mbili na nusu! Ajenda ya tisa hawataiona hata kwa darubini.

Nimemwambia mke wangu namuunga mkono kwa moyo wote, na kwamba nitawaandikia hotuba. Akanitazama. Akaniuliza tangu lini. Nikasema mume na mke ni kitu kimoja. Akasema sawa, basi kitu kimoja kikaoshe vyombo.

Nimeosha. Nimeandika hotuba nne tayari.

Alhamisi, 7 Machi

Hotuba kumi na moja! Nimezipeleka sokoni asubuhi. Ya kwanza inaeleza asili ya kivuli tangu dunia ilipoumbwa. Ya pili inaeleza jua. Ya saba ina mashairi. Wanawake wamezipokea kwa adabu sana, wakanishukuru, mmoja akasema mwandiko wangu ni wa kutulia.

Mchana nikamwona mteja akitoka kwa mke wangu na bilauri sita zilizofungwa kwa karatasi. Kwenye karatasi mojawapo nikasoma "Ndugu Meya, hapo mwanzo hakukuwa na kivuli." Huenda ni nakala ya ziada. Sikumbuki kama nilitoa nakala za ziada.

Komeo ameomba rasmi apewe chumba cha mnarani kwa ajili ya baiskeli yake. Baiskeli! Ngazi themanini na nne! Nilimuuliza ataipandishaje. Akasema kama kiti kilipanda, baiskeli itapanda.

Hata hivyo mtu mwenye busara haweki mayai yote kikapu kimoja. Nimefikiri hivi: madiwani wako ukumbini, mapazia yamefungwa, hawauoni mnara, wanausikia tu. Simu haziingii ukumbini tangu ya diwani mmoja ilipoimba wakati wa sala. Wanaziacha mlangoni kwenye beseni la kijani (liliuzwa na mke wangu) na Komeo analilinda. Saa ya ukutani iliuzwa mwaka jana katika kupunguza matumizi. Meya ana saa ya mkononi, lakini ilikufa zamani, anaivaa kwa heshima ya aliyempa. Maana yake ni kwamba Ijumaa, ndani ya ukumbi ule, saa ni mimi.

Nimekula vizuri. Nimelala mchana kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika saa kumi jioni, nimeketi, goti liko kwenye maji ya moto. Nitaandika kwa mpangilio.

Meya alifika saa nne kasoro kidogo. Simu zikaingia kwenye beseni. Kengele ikagonga kumi, saa nne kamili, kila kitu sawa. Nikakaa nyuma ukumbini nifurahie hotuba zangu.

Ajenda ya tatu. Wanawake kumi na mmoja wameketi mstari mmoja. Akasimama mmoja tu. Mke wangu. Hana karatasi.

Akasema kivuli cha turubai lake asubuhi kinakuwa kwa fundi viatu. Saa sita kinakuwa miguuni pake. Saa kumi kinavuka barabara na kupanda ukuta wa Halmashauri, dirisha la Mweka Hazina, ndiyo maana Mweka Hazina hana pazia. Akauliza kivuli cha saa kumi analipia nani. Madiwani wakamtazama Mweka Hazina. Mweka Hazina akatazama kitabu chake. Mke wangu akasema Halmashauri imekaa kivulini pake miaka tisa na yeye hadai kitu, yaliyopita si ndwele. Akaketi.

Dakika nne! Ada ya kivuli ikafutwa kwa kauli moja, wanawake wakapiga makofi, na mimi nikapiga makofi huku moyo unaniuma. Kwa nini nimeoa mtu mwenye kipaji cha kumaliza mambo?

Baada ya hapo ajenda zikateremka kama maji. Ya nne, ya tano. Saa tano kasoro robo wakaingia ya sita. Nikatoka kimyakimya, nikakimbia ngazi zote, na ile ya arobaini sikusimama.

Saa tano kasoro dakika kumi nilikuwa juu. Mpango: kusogeza mishale mbele dakika arobaini ili saa sita ije mapema. Lakini njiani mishale lazima ipite juu ya saa tano, na nikiiacha kengele igonge sasa, halafu igonge tena saa sita nusu saa baadaye, hata diwani aliyelala atashtuka. Kwa hiyo nikaikumbatia nyundo ya kengele kwa mikono miwili isigonge, nikasukuma gurudumu kwa goti. Goti hili hili. Mshale ukapita saa tano kimya kabisa, ukatua saa tano na nusu. Kazi safi. Nilijipongeza kwa sauti.

Nikarudi ukumbini, nikaketi karibu na mke wangu, ambaye alikuwa bado hajaondoka. Ajenda ya saba ikapita. Ya nane, ada ya mikokoteni, ikavutwa kidogo na diwani mmoja mwenye mikokoteni. Kisha Mweka Hazina akasimama, akakohoa, akasema, "Ajenda ya tisa," na hapo hapo kengele ikaanza.

Sijawahi kuupenda mlio ule kama leo. Nikahesabu kwa vidole. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

Nikangoja.

Hakuna ya kumi na mbili. Meya naye alikuwa anahesabu, mkono tayari juu ya faili. Akautoa mkono. Akasema kumbe ni saa tano tu, basi tuna saa nzima, tulijadili hili jambo bila haraka.

Saa nzima! Kengele haikugonga ile kumi na moja niliyoizuia, ikaidai. Haitazami mishale. Mzee aliniambia. Lakini mzee hakuwahi kuwa na haraka.

Wakanijadili bila haraka. Ada ya maegesho, inayogusa mji mzima, ilikuwa imepita kwa dakika sita. Saa ya mnara kila mtu ana maoni. Mmoja akasema ni urithi. Mmoja akauliza kama haiwezi kubaki na mshale mmoja ili kupunguza gharama. Komeo akaitwa na mchoro wake. Mweka Hazina akasema siku hizi kila mtu ana simu, hakuna anayehitaji mnara. Meya akamuuliza, basi sasa hivi ni saa ngapi? Mweka Hazina akapapasa mifuko yote miwili. Simu ilikuwa kwenye beseni.

Hapo nikapata matumaini, lakini matumbo yalishaanza kunguruma humo ndani. Matumbo hayakuhitaji kengele. Yalijua ni saa sita. Madiwani wakawa wakali, na Mweka Hazina akaomba kura ipigwe haraka nifutwe watu wakale. Mikono ikaanza kuinuka. Niliona mikono mitano. Nilifikiria kiti changu na dirisha langu, na kwa mara ya kwanza wiki hii niliogopa kweli.

Mke wangu akasimama akaomba ruhusa ya Meya. Akapewa.

Akasema yeye haitazami ile saa, ana simu. Lakini Jumanne saa iliposimama, mtunza saa alishuka akaja sokoni, na kwa dakika arobaini akavuruga mabeseni, akafukuza wateja wawili, na fundi viatu mpaka leo gundi yake haishiki. Akasema hiyo ni kazi ya dakika arobaini tu. Akawaomba madiwani, kwa niaba ya meza kumi na moja, wafikirie soko litakuwaje akiwa huru siku nzima, kila siku. Akasema kuna watu Mungu amewaumba wakae juu, na anamshukuru yeyote aliyejenga mnara mrefu.

Alisema na mengine ambayo sikuyasikia kwa sababu ya vicheko. Fundi viatu, aliyekuja na wanawake wa soko, alisimama kuthibitisha habari ya gundi. Mikono mitano ikashuka. Nafasi ya mtunza saa ikabaki, kura zote isipokuwa moja.

Nilitaka kukasirika. Lakini alipoketi aliniwekea mkono kwenye lile goti, bila kunitazama, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Jumamosi, 9 Machi

Amani. Nimebaki kazini! Na nikilitazama jambo hili kwa utulivu, aliyeniokoa ni nani? Ni kengele. Isingegonga kumi na moja, nisingejadiliwa, na nisingejadiliwa, mke wangu asingezungumza. Kwa hiyo hila yangu ilifanya kazi, ila kwa mlango wa nyuma. Nilimweleza mke wangu hivyo. Aliendelea kukunja nguo.

Kuna jambo dogo lilibaki. Jana kikao kilipofungwa, kengele ikiwa imegonga kumi na mbili, madiwani walichukua simu zao kwenye beseni. Simu zikasema saa sita na dakika ishirini. Meya akatoka uani akatazama juu. Mishale ikasema saa saba. Alisimama hapo muda mrefu, kama mtu aliyeletewa watoto watatu na kila mmoja anamwita baba. Asubuhi hii nimepanda nikasahihisha mishale na kengele, sasa vyote vinakubaliana na simu.

Leo shemeji ameniletea barua. Inasema kwa kuwa mishale, kengele na simu kila kimoja kilisema lake, saa hii haiwezi kuachiwa mtu mmoja. Kuanzia Jumatatu mimi na bawabu tutashirikiana kazi zote mbili na kupokezana kila wiki, ili tuangaliane. Wiki ya kwanza: mtunza saa getini, bawabu mnarani. Saini ya Meya.

Komeo amekuja nyumbani kunipa hongera. Akauliza kama kile kiti kina mto.

Nimesikitika kwa muda wa chai moja. Kisha nikaona kwamba bado nina ufunguo wa mnara mpaka kesho jioni.

Jumapili, 10 Machi

Nimetoka mnarani sasa hivi, saa kumi na moja jioni, nina furaha kama mtoto wa shule siku ya likizo.

Hila hii haina tundu hata moja. Lango la Halmashauri hufunguliwa na bawabu kengele ya saa moja asubuhi ikigonga. Ni amri ya Meya mwenyewe, bawabu asifungue kwa simu, afungue kwa kengele. Kesho Meya anafika saa moja na dakika tano, na wageni wanaokuja kukagua mapato. Basi nimeisimamisha saa dakika arobaini, nikaiachia iendelee. Safari hii sikuugusa mshale wowote, sikushika nyundo, nimejifunza. Kesho kengele ya saa moja itagonga saa moja na dakika arobaini. Meya atapiga honi nje. Wageni watashuka kwenye gari. Mweka Hazina atapanda ukuta. Na bawabu atasimama ndani ya lango na funguo zake, akingoja kengele kwa utiifu, mpaka Meya amtoe kazini hapo hapo!

Nimekabidhi ufunguo wa mnara kwa heshima zote. Komeo alishangaa nilivyokuwa mchangamfu. Nikamwambia kinyongo si tabia yangu.

Nacheka peke yangu hapa sebuleni. Mke wangu amepita na koti la bawabu, lile la vifungo vya shaba, ameshalipiga pasi. Amelitundika mlangoni, akaniambia nilale mapema, kesho nisichelewe lango. Sijui huyu mwanamke wasiwasi wote huu anautoa wapi.